Cherehani Ajifunza Kufunga Mdomo

Nyumbani walimwita Cherehani kwa jinsi mdomo wake ulivyokwenda. Ukianza kusema, yeye anamalizia. Ukitafuta neno, keshakupa matatu uchague. Ndiye huyo aliyekwenda kusomea kazi ya kuwafundisha kusema upya walionyang'anywa maneno na kiharusi. Shangazi yake alicheka hadi akashika ukuta.

"Wewe? Hao wagonjwa watapata zamu saa ngapi?"

Lakini hakwenda kwa mchezo. Mama yake alianguka jikoni, akazinduka hana hata neno. Cherehani aliapa kumrudishia.

Mtihani wa vitendo ukamwangusha: alimtajia mgonjwa neno. Mwalimu hakumung'unya maneno. "Dada, kazi yetu ni kungoja. Mgonjwa akihangaika, wewe tia mdomo kufuli. Ukirudia kosa hili, chuoni huna nafasi."

Siku ya marudio akakalishwa mbele ya mzee mmoja, seremala. Akamwonyesha picha ya nyundo. Mzee akaikodolea macho kama mtu aliyekutana na mwanawe akasahau jina lake.

"Nnn..."

Jasho likamtiririka. Akapigilia hewani msumari usiokuwepo. "Nnn... nnn..." Machozi yakamlengalenga. Cherehani aliuma midomo, kucha zimezama kiganjani. Mzee akamshika mkono, akamtazama: nisaidie, mwanangu.

"Nyundo, baba." Lilimponyoka.

Mzee akashusha pumzi, akatabasamu. Mwalimu akafunika kalamu yake.

Alipofika nyumbani, shangazi alikuwa anamimina chai. "Vipi?"

"Nimefeli. Nilimwonea huruma mzee wa watu."

"Na huruma ikakuonea wewe."

Mama, kitini pake, akanyoosha kidole mezani. "Sss..."

Cherehani alikuwa keshanyanyua kopo la sukari, kama kila siku. Mkono ukaganda hapo hapo. Tangu mama augue, nani humu ndani aliwahi kumwacha alitafute neno? Kila likichungulia, bintiye amelisukuma ndani kwa kijiko cha sukari.

Akalirudisha kopo mezani.

"Sss..." Uso wa mama ukakunjamana.

"Mpe basi! Una roho gani wewe?"

"Shangazi, tafadhali. Nyamaza."

"Leo wewe ndiye wa kuninyamazisha mimi?"

Mama akaanza kulia bila sauti, kidole bado kimenyooka. Cherehani naye analia, mikono ameikalia isije ikamsaliti. Neno halikuja. Chai ikapoa, ikaota utando, na kopo likabaki pale pale katikati yao.