Nusu Kikombe cha Pasaka

Pasaka ile nilipanga meza mara nne kabla ya saa sita, na bado miguu yangu ilikataa kutulia. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimerudi likizo kutoka shule ya bweni, kichwa kimejaa maneno ya mwalimu wetu wa upishi. Nikasogeza maua meupe niliyoyachuma mtoni. Nikayarudisha. Nikatoka kuchungulia barabara ya Gatitu, matope matupu, nikarudi kuyasogeza tena.

"Kiherehere chako kitakuponza," mama alisema. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshapiga pasi kitambaa kimoja mara mbili.

Alikuwa na sababu. Shosho, mama yake baba, alikuwa anakuja kunywa chai kwetu kwa mara ya kwanza. Tangu baba aoe muuguzi wa kutoka magharibi, akamwacha msichana wa kijijini kwao Gakindu aliyetafutiwa, Shosho hakuwa ameonja hata maji nyumbani kwetu. Na kwa watu wetu, asiyekula kwako hajakukubali. Kila mwisho wa mwezi mama alimpelekea kibuyu cha uji, kikasafiri na basi la asubuhi. Kilirudi kitupu, kimeoshwa, bila salamu. Mama alikitundika ukutani akangoja mwezi mwingine. Miaka kumi na mitano! Mimi ningekipasua.

Meza niliomba niachiwe mimi. Vikombe vilikuwa vya maua madogo ya buluu, mama alivinunua mnadani, Mzungu mmoja alipouza vitu vyake na kwenda kwao baada ya uhuru. Mikate nilikata pembetatu, nikaondoa ganda lote kama tulivyofundishwa. Maziwa nikayatia kwenye jagi, nikalifunika kwa kitambaa cha kufuma chenye shanga. Chai kando, maziwa kando, sukari kando.

"Si tupike tu chai ya kawaida?" mama aliuliza. "Ya sufuria, na maziwa yake ndani?"

"Mama, wacha! Utatuaibisha."

Akaniacha.

Shosho aliingia na baba saa tisa, amelowa mabega, akaketi kwenye ukingo wa kiti. Nikamimina chai nusu kikombe, barabara, kama mwalimu alivyosema, ili mgeni ajiongezee maziwa mwenyewe. Kisha nikasimama kando, mikono nyuma, kwa sababu mgeni haharakishwi.

Shosho alitazama kikombe. Akatazama mkate. Nami nikadhani anastaajabu uzuri.

"Ngai, Mungu wangu!" alisema hatimaye, kwa Kiswahili chake, ili mama asikie vizuri. "Mimi natoka Gakindu na mvua, ati napewa nusu? Na ya rangi, kama ya matanga? Na hii mkate, nani amekula nje yake?"

Jagi la maziwa lilikuwa pale pale chini ya shanga. Ningelifunua tu. Lakini, haki ya nani, nikabaki nimesimama kama mlingoti.

"Ni mimi nilimwagiza, mama," mama yangu alisema. "Kwetu ndivyo tunavyofanya."

Uongo mtupu. Kwao pia mgeni hujaziwa. Alijitwika kosa langu, na watu wake wote akawatwika. Shosho alijifunga leso, akasimama, akatoka bila kugusa kitu. Baba alimwita mara mbili, akakaa akashika kichwa. Mama alianza kukusanya visahani, polepole, bila kunitazama. Heri angenizaba kofi.

Sikuweza kukaa. Nilikimbia nje bila viatu, nikamfikia Shosho karibu na ua wa jirani, ninahema.

"Ni mimi, Shosho! Mama alitaka kupika ya sufuria, mimi ndiye nilikataa. Maziwa yalikuwa mezani, nimeyafunika. Mama amedanganya kwa ajili yangu."

Hakugeuka. "Najua amedanganya," alisema. "Miaka kumi na mitano ananitumia kibuyu. Hakijawahi kuja nusu."

Machozi yalinitoka, na hasira pia. "Sasa kama unajua, mbona unaenda?"

"Kwa sababu nimekasirika! Kwani wewe hukasirikangi?"

Nilicheka huku nalia. Akanitazama miguu iliyojaa matope, akatikisa kichwa, akageuka kurudi, mimi nyuma yake. Hakuelekea mlango wa mbele. Alizunguka nyumba, akaingia jikoni, akavuta kigoda hadi motoni, akaketi.

Mama alitokea na sinia la vyombo, akamkuta pale. Aliweka sinia chini, akabandika sufuria, akamwaga maziwa yote ya jagi langu ndani, na majani, na sukari. Chai ilipochemka alichukua kikombe kikubwa cha bati, akajaza mpaka ikamwagikia vidole vyake.

Shosho alikipokea kwa mikono miwili. Kisha akaona sahani kwenye rafu, yenye yale maganda ya mkate niliyoyakata asubuhi, ambayo mama hakuyatupa.

"Leta hiyo," alimwambia mama. Akachovya ganda kwenye chai, akala.