Jogoo mweusi aliyemtia hofu Mama Noela

Saa moja asubuhi sokoni Katoro, mkoani Geita, Asteria Bujiku anachutama mbele ya tenga, anamshika jogoo miguu na kumpindua. Anatazama kucha. Anapapasa kifua. Kisha anamweka chini, kamba mguuni, aone kama atakimbia.

"Huyu chotara," anasema. "Wa kienyeji angeshaning'oa mkono."

"Mama Noela, unampekua kama anakuja kuposa kwako!" anatania Zuhura, muuza nyanya wa jirani.

Asteria hacheki. Bodaboda imepita nyuma ya banda, naye ameinua kichwa haraka kutazama aliyepakiwa.

Mama huyu wa miaka 54, mzaliwa wa Kishapu, amechambua kuku kwa miaka kumi na tisa. Hushushwa wamechanganyika kutoka minadani, naye huwagawa: kienyeji, chotara, wa nyama, na wa mayai waliokoma kutaga. Wa kienyeji huwagawa tena: kuchi wenye miguu mirefu, vishingo wasio na manyoya shingoni, na wale wafupi. Bata na kanga hukaa kwao.

Mgawo huo ndio bei. Aliyekoma kutaga ni Sh12,000, jogoo chotara Sh18,000, wa kienyeji Sh28,000. Lakini jogoo wa kienyeji mweusi, asiye na unyoya hata mmoja wa rangi nyingine, hufika Sh50,000. Wachimbaji wa dhahabu hutumwa na waganga kumtafuta, wamchinje mdomoni mwa duara, yaani shimo lao, kabla ya kushuka.

Machi mwaka huu Maganga, kiongozi wa kikundi cha wachimbaji, alimjia na agizo hilo. Asteria akampa jogoo aliyetoka kwa mfugaji wa Kishapu anayemfahamu tangu utotoni. Hakumpapasa. Hakumjaribu kwa kamba.

"Niliamini alikotoka," anasema. "Sikujua yule bwana ameshaingiza majogoo chotara bandani kwake."

Siku ya nne duara liliporomoka. Hakufa mtu, ila mchimbaji mmoja alivunjika miguu yote miwili. Wenzake wakakumbuka kwamba jogoo yule, alipofunguliwa ili achinjwe, hakukimbia. Alisimama akidonoa kiatu cha Maganga.

Maganga alirudi sokoni na wanaume watano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanawane."

"Usiniite mwanao. Ulituuzia chotara."

"Nilijua ni wa kienyeji, baba."

"Au ulijua unachofanya?"

Zuhura aliyekuwa akipanga nyanya aliziacha. Soko lote lilisikia. Katika vijiji alikokulia Asteria, mwanamke wa umri wake akidokezewa uchawi hivyo mbele za watu, huanza kuhesabu siku.

"Shangazi yangu walianza kumuuliza hivyohivyo," anasema, akishusha sauti. "Wiki ya pili tukamzika."

Thobias, mwenyekiti wa wauza kuku, alimfuata Maganga hadi machimboni. "Mvua ilinyesha siku tatu, na duara halikuwa na magogo ya kushikilia kuta," anasema. "Nikamuuliza, kuku anaingiaje hapo? Akanisikiliza mpaka mwisho, akaondoka."

Tangu hapo, kutoka kuku thelathini kwa siku, Asteria anauza saba. Asubuhi moja alikuta manyoya meusi yamechomekwa kwenye kufuli la banda. Amebadili njia ya kurudi nyumbani mara tatu, na hufunga saa tisa, jua likiwa bado linachoma.

Linalomtisha zaidi hulisema akitazama chini. "Kuna wakati najiuliza mwenyewe: na kama kweli ni yule jogoo?"

Anataka kuhamia Nyasubi, mjini Kahama, kwa binti yake Noela, afuge kuku wa nyama mia mbili. "Wale wote weupe, wote wa wiki sita. Nani atamuuliza broila kabila lake?" Anasubiri tu kuku waliopo bandani waishe.

Mwanamume mwenye buti za tope jekundu anasimama mbele yake.

"Shikamoo, mama. Natafuta tetea mweupe, wa kienyeji kabisa."

Asteria anamtazama usoni, kisha mikononi.

"Sina."

"Na yule pale pembeni?"

Yuko kweli: mweupe, mwembamba, akiuvuta mguu wake kwenye kamba kwa nguvu zote. Asteria anamwona.

"Yule sijui ni kuku gani, baba," anajibu. "Mimi nauza wa kula tu."