Majike Wamesikia Nini?

Mjomba wangu Torcuil ameongoza wawindaji kwenye milima yetu miaka thelathini na minane, na kunyata anakujua kuliko paka. Ndiyo maana Oktoba ile, madume wa kulungu wakinguruma na kugombea majike, tulichanganyikiwa sote. Siku mbili mfululizo alitambaa matopeni na mgeni wetu, Bi Honor. Upepo ulikuwa usoni mwao. Hakuna aliyekohoa. Wakikaribia tu, majike wanainua vichwa, wanabweka, na kundi zima linapotea na dume lao.

"Umeogea sabuni ya Shangazi, nini?" nilimuuliza Mjomba. Mimi kazi yangu ni farasi wa kubeba mzoga.

"Sijaoga tangu Jumapili. Kamnuse farasi wako!"

Alicheka, lakini papo hapo akageuka kuutazama mlima tena. Mwenye milima alikwishasema: siku ya tatu ikipita bila dume, mwenzake Hamish ndiye ataongoza wageni. Jambo hilo liliniudhi mno, maana huyo Hamish anatembea kama gunia la viazi linaloporomoka ngazini.

Siku ya tatu nilimfunga farasi bondeni, tukajibanza nyuma ya jiwe kula biskuti za shayiri. Bi Honor akaniinamia.

"Ule mluzi mwembamba wa mjomba wako ndio wa kuwaita kulungu?"

"Mluzi gani?"

"Unaolia akivuta kofia masikioni. Nilidhani ni ufundi wake, nikaona haya kuuliza."

Nilimwomba Mjomba avute kofia. Wiiii! Mlio ulitoka sikioni mwake, kwenye kile kifaa cha kusikia alichopewa Septemba, ambacho kofia ilikuwa ikikibana. Alikikubali kwa sababu moja tu: misimu miwili mizima hakuwa amesikia dume akinguruma. Basi majike waliusikia mlio, mgeni aliusikia, yeye, ambaye masikio yake hayapati tena milio myembamba, hakuusikia. Nilimweleza kwa kupaza sauti, mdomo wangu mbele ya macho yake.

"Mimi?" alisema. "Mimi ndiye ninayepiga kelele?"

Alitutazama kwa zamu, mimi, kisha mgeni, kisha mimi tena. Halafu akakivua, akakitia mfukoni. Bila kifaa hicho hasikii hata mlango ukibamizwa.

Tulitambaa watatu, yeye mbele, akiongozwa na macho na upepo wa mashavuni. Saa nzima hakuna jike aliyeinua kichwa. Tulipobakiza hatua themanini, dume akatokea, shingo imejaa matope, akanguruma mpaka tumbo langu likatetemeka. Bi Honor alipiga risasi moja tu.

Mjomba alipiga magoti kando ya dume na kuvua kofia. Bi Honor alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Mzee, umesikia mngurumo ule? Umeusikia?"

Mjomba alimsoma midomo.

"Nimeusikia," alisema, akanikazia macho nisithubutu kusema neno.