Gari la Baba Kiganjani

Mchana hutengeneza hereni na mikufu hapa Bombolulu. Jioni nikirudi nyumbani Kiembeni hutengeneza magari, magari ya mbio, madogo, yanayokaa kwenye kiganja. Majirani wamesema hadi wamechoka: mwanamke mzima na vigari, huyu ataolewa na nani? Nami huwajibu, "Aolewe anayetaka, mimi nina kazi." Mtu asinichezee.

Mwaka jana nikaanza gari la baba. Baba alikuwa dereva wa dragi, zile mbio za magari mawili kwenye barabara iliyonyooka. Taa ikiwaka kijani mnaondoka, na hujapumua vizuri mshafika. Gari lake lilikuwa jekundu, fupi, nyuma matairi mapana, mbele membamba kama ya baiskeli. Lilikatwa vyuma chakavu zamani. Kisha sukari ikamla macho, na tangu siku hiyo hajalitaja gari tena. Hukaa barazani na redio yake, ukimsalimu huitikia, basi. Nilitaka jambo moja tu: nimwekee gari lake mbele, alijue. Alijue, nipate kumsikia tena baba niliyemjua.

Waya wa shaba wa hereni ndio uliokuwa ekzosi. Nyaya za plagi nilizitoa ndani ya waya wa simu mbovu, nyembamba mno, ukipiga chafya umeshazipoteza. Nilikuwa na picha moja iliyofifia, na yale niliyoyaona utotoni gerejini. Siku injini ilipokaa mahali pake niliweka koleo chini nikaitazama. Wallahi niliogopa. Ni mikono yangu iliyofanya, na bado sikuamini.

Lakini haraka yangu ikaniponza. Rangi niliipuliza asubuhi ya masika, mvua imekatika tu, hewa imelowa. Kila apulizaye rangi huku pwani anajua hilo halifanywi. Nilipogeuka, wekundu wote ulikuwa umefunikwa na weupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nililia, nikatukana, nikaipiga msasa yote nikaanza upya. Siku ya maonyesho na mashindano yetu sisi watengeneza vigari ikanikuta rangi imekauka juu juu. Chini bado laini, na kidole kikikaa kinaacha alama.

Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi karibu na kazini kwangu. Vigari vyetu vilipangwa juu ya kitambaa cheusi, taa zikivimulika. Watu waliingia na kelele zao, wakafika mezani, wakashusha sauti bila kuambiwa. Mashallah, mashallah, ndilo neno lililozunguka. Hata mimi niliyevijua vya wenzangu nilihisi vinyweleo vinasimama. Mbele kulikuwa na kibao: Usiguse. Waamuzi walitarajiwa baada ya Adhuhuri, na wenzangu waliniambia changu hakina mpinzani.

Nikamleta baba kwa mkono. Nilikuwa nimejipanga nimsimulie, nikaanza: ni jekundu, injini imetokeza juu, nyuma kuna bawa. Baba akanikata.

"Mwanangu, unanisomea gazeti? Nipe nishike."

Rangi ile, vidole vile, na waamuzi wako njiani! Msimamizi akadakia, "Dada, ukimruhusu mmoja watashika wote." Hapo hasira zikanipanda, na siku hiyo nilishukuru kuwa ninazo. "Basi washike!" nikamwambia. "Kigari ni changu, na huyu ni babangu." Nikakinyanyua nikakiweka viganjani mwake.

Yarabi, vile vidole! Sikuwahi kuviona vikifanya kazi namna ile. Vilianzia nyuma, vikapima upana wa tairi, vikapanda kwenye bawa, vikateremka juu ya injini bila kuvunja hata waya mmoja. Kila vilipopita kwenye rangi viliacha alama, nami nikaziona, na kusema kweli sikuzijali tena. Kwenye ubavu vikasimama.

"Hapa palibonyea," akasema. "Niligonga nguzo ya gereji, mamako akanicheka wiki nzima. Umelinyoosha gari langu."

Gari langu, amesema! Huyu ambaye hakuwa akilitaja! Hata msimamizi kavua kofia, sijui kwa nini. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Ukucha wake ukakuta ufa wa mlango. Bawaba zake nilizitia kwa waya, unafunguka kweli, lakini sikuwa nimemwambia mtu. Akaufungua. Kidole chake kidogo kikaingia taratibu, kikaupita usukani, kikakaa juu ya kiti cha dereva, kikakijaza. Akakiacha hapo. Mgongo wake ulioinama miaka yote ile ukanyooka, uso ukatazama mbele. Nilidhani kidole kimenasa.

"Baba, nikusaidie kukitoa?"

"Usinitoe," akasema. "Nishaingia. Funga mlango."

Nikausukuma mlango polepole hadi ukaegemea kidole chake, nikaushika hapo hapo.