Neno la Madamu

Nilipokuwa darasa la sita, baba yangu alisema hataniandikisha mtihani wa kumaliza shule ya msingi mpaka mwalimu wetu aseme neno juu yangu. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mkulima anavyosema hatapanda mpaka mvua inyeshe. Na hakuwa peke yake. Upande wetu wa Bwera, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, mwaka ule wazazi wengi walikuwa wakingoja vivyo hivyo.

Mwalimu huyo tulimwita Madamu. Alikuwa mke wa askari, mtu wa kaskazini, na Kikonzo, lugha yetu ya nyumbani, hakukijua, kwa hiyo aliongea nasi Kiswahili cha kambini, kifupi, kisicho na mapambo. Alipofika hakuna aliyemwogopa. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia moja. Akiwa anaandika ubaoni, mara chaki ilisimama. Aligeuka, akamtazama mtoto mmoja kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea kutazamwa, kisha akamwambia atakavyokuwa.

Kulikuwa na msichana ambaye hakuweza kusoma hata mstari mmoja. Madamu alimtazama, akamwambia, "Wewe utasoma mbele ya wazazi." Siku ya wazazi yule msichana alisimama akasoma ukurasa mzima, na mama yake akaketi kwenye nyasi. Kisha mvulana wa dawati la mbele, aliyekuwa wa kwanza kila muhula, akaambiwa ataanguka. Alikuwa anacheka na mwenzake tu, nadhani Madamu alitaka anyamaze. Lakini wiki ya mtihani alikandamiza kalamu mpaka ikatoboa karatasi, na alishika nafasi ya tatu kutoka mwisho.

Baada ya hapo tulijifunza kujificha. Chaki iliposimama, madaftari yalipanda mbele ya nyuso, darasa zima, bila sauti. Ukikaa nyuma kama mimi, uliona migongo tu na madaftari, na mbele kabisa yule mwanamke mwembamba akitafuta uso wa kuutazama.

Mvulana niliyekaa naye dawati moja hakujificha. Alikuwa mkubwa kuliko sisi, mpole, na kutoka dirishani kwetu aliweza kuona malori yaliyopanga foleni kwenda forodha ya Mpondwe, mpakani. Aliyachora kwenye jalada la daftari, na tairi zote alizihesabu. Siku moja chaki ilisimama na Madamu akamwambia, "Wewe kazi yako itakuwa mizigo tu." Watu walicheka kidogo, naye akacheka. Lakini mabega yetu yaligusana, na nilihisi bega lake likipoa. Sijui kulieleza vizuri zaidi ya hapo. Wiki ya tatu baada ya hapo hakuja shule, wala ya nne, na dawati likawa langu peke yangu.

Habari zilipanda mlimani. Siku za soko wazazi walianza kuja, wengine kwa miguu kutoka Mahango, na watoto waliopakwa mafuta mpaka shingoni. Walisimama wakiegemea ukuta wa darasa wakati sisi tunafundishwa, hawaongei hata wao kwa wao. Madamu akitoka, mmoja husogea na kusema, "Madamu, angalia huyu mutoto. Ataweza ao tumupeleke shamba?" Naye huwaambia yeye si mganga, warudi nyumbani. Waliitikia kwa heshima na hawakuondoka. Akimtazama mtoto na kutabasamu bila kufikiri, mama yake alimshika mkono na kuondoka haraka, asije akaongezewa jambo jingine. Walimwachia unga wa muhogo na kuku waliofungwa miguu kwa kamba za mgomba. Hakuwachukua. Hakuna aliyewarudisha, wala aliyethubutu kuwaiba, na tulifanya hesabu tukisikia kucha zikikwaruza saruji ya baraza.

Na kule nyumbani watu walifanya kazi yao. Mtoto aliyeambiwa neno zuri alipewa yai na kuachiwa muda wa kusoma. Aliyeambiwa baya, au aliyeonekana kama ametazamwa vibaya, alipewa jembe. Kwa hiyo muhula ulipokwisha neno lilikuwa limetimia, na watu wakazidi kuamini.

Mimi baba alinipeleka kwake mara mbili. Mara ya kwanza Madamu alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga, akaingia ofisini. Mara ya pili alitazama juu ya kichwa changu, mahali pasipo na mtu. Nyumbani sikupewa yai wala jembe. Nilikaa kama chungu kilichofunikwa, ambacho hakuna anayejua kama ndani mna chakula. Darasani wenzangu walisema kwamba anayenyamaziwa na Madamu ni wa kuzikwa. Walisema kwa utani, lakini utani ule ulifika kwa mama, na kuanzia siku hiyo kila asubuhi alinigusa paji la uso kabla sijamwamkia.

Nilianza kujihisi sipo. Nilipita karibu na wenzangu wasisogee. Madamu aliita majina ya daftari la mahudhurio na, akifika langu, aliliita kwa haraka na kuendelea kabla sijaitika.

Kisha Jumamosi moja asubuhi alikuja nyumbani kwetu, akaniomba kwa wazazi. Alitaka kumrudisha shuleni yule mvulana wa dawati langu, na mimi ndiye niliyeweza kumtambua kwa mbali. Baba alikubali upesi. Aliona neno limekaribia.

Tulimpata Mpondwe, kati ya malori, amebeba gunia la maharage. Ilikuwa miezi michache tu lakini shingo yake ilikuwa imenenepa kama ya mtu mzima. Alitua gunia, akamsalimu Madamu kwa mikono miwili. Wapagazi wengine walisimama kutazama, na mmoja akauliza kama huyo ni mama yake au ni polisi, wakacheka.

"Rudi shule," Madamu alimwambia. "Nafasi yako iko."

"Madamu, si ulisema mwenyewe."

Hakumlaumu. Alisema kwa upole, kama anayemkumbusha mtu alichosahau. Akaongeza kwamba pale yuko sawa, asihofu. Akainama, wenzake wakamtwika, akapotea kati ya malori mawili. Madamu alibaki akijipangusa bega, ingawa bega lake halikuwa na vumbi.

Tulipokuwa tunapanda kurudi Bwera alisimama kando ya barabara.

"Unajua mimi naona nini nikiwaangalia? Naona mutoto amekaa. Basi. Nasema tu, nyinyi mnaenda mnafanya." Alisogea kando, lori likapita. "Wewe sikukwambia kitu kwa sababu nilikuwa nimeanza kuogopa. Sasa baba yako anangoja. Nimwambie utapita?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Alimwambia baba mlangoni, neno moja tu: atapita. Jioni ile nilipewa yai. Mama hakunigusa tena paji la uso. Maji ya kuchota yakawa ya wadogo zangu. Nami, niliyeliona neno lile likitungwa kando ya barabara, niliyejua kwamba nyuma yake hakuna kitu, lilinishika vilevile. Nilianza kuinua mkono darasani. Nilijibu kwa sauti niliyoisikia kama ya mtu aliyekaa nyuma yangu. Mwaka uliofuata, katika chumba cha mtihani, nilisoma swali na mkono ukaandika, na mimi nikautazama ukiandika. Nilipita vizuri kuliko mtoto yeyote aliyewahi kutoka nyumba yetu.

Nilidhani sasa nitakwenda sekondari. Baba alifurahi, akaniwekea mkono begani mbele ya majirani. Kisha akasema, "Alisema utapita, umepita. La sekondari hakusema."

Wakati huo mume wa Madamu alikuwa amehamishiwa kambi moja upande wa Bulembia, juu ya mji wa Kasese. Baba akanipeleka Kasese, tukapanda hadi kwenye lango la kambi. Askari wa zamu alimwambia asimame palepale na kumuuliza, "Wewe mzee, unatafuta nani?" Baba alimwita afande mara tatu katika sentensi moja. Tukangoja. Madamu alitoka na mikono yenye povu la sabuni. Alikuwa amekonda zaidi. Baba alimshukuru kwa matokeo yangu, kisha akaeleza kilichomleta. Alitaka neno jingine moja, la sekondari.

"Mzee, mimi sisemi tena," alisema Madamu.

Baba alisihi. Alisema tumetoka mbali, na neno moja halimpunguzii mtu kitu. Madamu alitazama povu likikauka vidoleni. Nilijua angeweza kusema, na baba angeniandikisha wiki ileile. Nadhani naye alijua.

"Muulize yeye," alisema mwishowe. "Yeye anajua mimi naona nini."

Baba aligeuka. Alikuwa hajawahi kuniuliza chochote ila mahali lilipo panga au alipo mama. Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama Madamu, amevua kofia.

"Wewe unaona nini, binti yangu?"

Maneno niliyahitaji machache. Ningesema nataka kusoma. Ningesema hakuna anayeona kitu, si Madamu wala mtu mwingine. Niliitafuta ile sauti ya chumba cha mtihani, na nilipoitafuta palikuwa kimya kabisa. Ilikuwa imekuja na neno la Madamu, nalo lilikuwa limemaliza kazi yake. Askari wa zamu aliacha kutembea, akatusikiliza. Midomo ya Madamu ilisogea bila sauti, kama anavyofanya mwalimu mtoto akikwama katikati ya mstari. Nilitazama viatu vyangu.

Baba alingoja muda mrefu. Kisha akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa, akavaa kofia yake.

"Asante, Madamu," alisema. "Tumesikia."

Madamu aliinua mkono kama wa kumzuia, ukabaki hewani. Baba akatangulia kushuka kuelekea mjini, nami nikamfuata, sekondari ikiwa imeishia pale langoni, na hakuna hata mmoja wetu watatu aliyekuwa amesema hapana.