Globu Moja kwa Masika Yote

Masika ile, katikati ya miaka ya tisini, nililala na kuamka na hofu ya globu. Ilikuwa globu ya halojeni ya taa ya kutua, kwenye ndege ndogo iliyobeba wagonjwa na dawa kati ya Ifakara na vijiji vya ng'ambo ya mto Kilombero. Zilizotangulia ziliungua moja baada ya nyingine, na hiyo ilikuwa ya mwisho. Nyingine ziliagizwa Dar es Salaam. Kila tulipouliza tuliambiwa zipo njiani.

Ndege yetu iliruka mchana tu, lakini bila taa haikutua. Uwanja wetu wa Ifakara ulikuwa wa changarawe na majani, ukikauka upesi kuliko mahali pengine popote, na mwishoni mwa masika, mpunga wa kwanza ulipovunwa, akina mama wa Katindiuka, jirani na uwanja, waliuanika pale pale kwenye njia ya ndege. Ng'ombe nao walipita. Mlio wa injini watu walishauzoea, hawakuujali. Walichokitii ni taa: ikionekana kwa mbali juu ya miti, mikeka inakunjwa na ng'ombe wanaswagwa pembeni. Wakati mmoja ndege ilimgonga ndama, na tangu hapo wenye ndege walitoa amri kwamba taa ikifa, ndege isiruke.

Dada yangu aliolewa ng'ambo. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, akaambiwa wa pili asithubutu kumzalia kijijini. Masika ile alikuwa na mimba ya huyo wa pili. Kabla ya kuvuka kuja Ifakara alitaka kumaliza kufukuza ndege waharibifu shambani, na mafuriko yakamkuta huko. Kivuko kikasimamishwa. Ikabaki sisi kumfuata kwa ndege siku zake zikikaribia. Kwa hiyo nilipoitazama ile globu nilimwona yeye.

Mimi ndiye niliyetunza umeme wa ndege ile, ingawa sikuusomea. Nilimaliza darasa la saba, nikajifunza kwa kufungua redio za watu, kisha kwa kitabu cha ndege cha Kiingereza na kamusi iliyochanika. Fundi mwenye leseni alikuja mara chache, akakagua nilichofanya na kutia sahihi. Mimi niliogopa hata sahihi yake. Nilikuwa nikikaza skrubu, naondoka, narudi kuishika tena, naondoka, narudi. Mama alisema nina ugonjwa.

Kitabu kilieleza kinachoua globu, nami nikapambana na kila kimoja. Mtikisiko hukata uzi wake mwembamba, basi nikakata tyubu ya baiskeli, nikaweka mpira chini ya kikombe cha taa, na fundi mwenye leseni alipokuja akaukubali. Chaji ikizidi, uzi huungua mapema. Tulimwomba huyo huyo aishushe hadi kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Nilimsihi rubani asiwashe taa wakati wa kuwasha wala kuzima injini, umeme unaporuka. Kioo sikukigusa kwa vidole, ingawa kitabu kilisema aina yetu, iliyofungwa yote ndani ya kioo kizima, haidhuriki. Nilikifuta kwa spiriti hata hivyo.

Jambo moja lilinishinda: kutokuijaribu. Kila asubuhi nilitaka kuona inawaka. Nikiiwasha ndege ikiwa imesimama, akina mama waliona mwanga, wakakurupuka kukunja mikeka.

"Shikamoo mama," nilimwambia mmoja aliyenijia na ungo kichwani, jasho likimtiririka.

"Marahaba, na uizime hiyo taa! Ndege imekaa kama kuku anayeatamia, wewe unatukimbiza."

"Naijaribu tu, mama."

"Jaribu mkeo. Huna? Ndiyo maana."

Wenzake walicheka hadi wakakaa chini. Niliacha kuijaribu, si kwa aibu, bali kwa sababu kitabu kilisema taa ikiwaka ndege imesimama hukosa upepo wa kuipoza. Tangu hapo niliishi bila kujua kama inawaka, nikawa naacha chakula nusu.

Ndipo nikapata wazo nililoliona kamili. Rubani alikuwa akiwasha taa tangu akiwa juu ya mto Lumemo. Nikamwomba aiwashe mwishoni kabisa, akishageukia uwanja.

"Kapteni, tutaokoa nusu ya maisha yake."

"Wewe na globu yako mtaoana," alisema. Lakini alikubali.

Siku hiyo taa ilipowaka, akina mama walikuwa bado wamechuchumaa wakigeuza mpunga. Walishazoea kupewa muda. Hawakuwa na haraka. Ndege ikapita juu ya vichwa vyao, ikapaa tena, ikazunguka na taa ikiwaka, ikarudi, ikakuta mikeka miwili bado, ikazunguka tena. Globu iliwaka siku ile kuliko siku nyingine yoyote. Rubani alishuka bila kunitazama. "Tunarudi kwenye utaratibu wa zamani," alisema.

Iliendelea kuwaka, nikaanza hata kula. Kisha, siku moja kabla ya kumfuata dada, rubani akarudi kutoka ng'ambo akasema, "Imekufa ikiwa inawaka. Nimetua kwa bahati."

Niliitoa kwenye ndege nikaichungulia kupitia kioo. Uzi ulikuwa umekatika katikati. Hapakuwa na waya uliolegea, mpira ulikuwa mahali pake, chaji ilikuwa sawa. Nilitafuta kosa langu hadi jua likazama na sikulipata. Ningelipata, ningepumua.

"Kapteni, kesho nitasimama uwanjani mwenyewe niwaondoe watu."

"Uwanja wote huo? Na ng'ombe wakitoka kwenye nyasi ndefu?"

"Ni dada yangu."

"Najua ni dada yako." Aliwaita wenye ndege kwa redio mbele yangu. Walikataa. Aliwaita tena, wakakataa tena.

Uchungu ulimshika dada kabla globu mpya haijafika. Walimvusha kwa mtumbwi, kisha kwa tela la trekta kwenye matope. Hospitalini waliwahi kumwokoa yeye. Mtoto, wa kike, alikuwa ameshafia tumboni.

Nilimkuta wodini ameuelekea ukuta.

"Ndege ilikuwa mbovu?" aliuliza.

"Taa," nilisema. "Globu iliungua."

"Mchana?"

Nilitaka kumweleza yote, mikeka, ng'ombe, uzi mwembamba unavyochoka hata ukitunzwa. Nilikuwa na maneno yote, nimeyasoma na kuyahakiki. Nikaona kwamba hata nikiyapanga vizuri namna gani, yatasikika kama ya mtu anayejitetea.

"Ndiyo," nilisema. "Mchana."

Akaivuta kanga hadi usoni, nami nikabaki nimesimama hapo, sijui mikono yangu niiweke wapi.