Fundi Kidole na Klachi ya Shemeji

Mtaani kwetu fundi wa pikipiki hakuitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Kidole, kwa sababu kila oili iliyoingia karakanani mwake ilipita kwanza kidoleni. Alichovya kidole cha shahada, akakisugua taratibu na gumba huku amefumba macho, kisha akanusa. Baada ya hapo alitoa hukumu. "Hii nyepesi, kampe mwenye gari jipya." Au: "Hii ndiyo yenyewe. Mimina." Maandishi ya kopo hakuyasoma. Alisema kopo huandikwa na watu wa mauzo, na watu wa mauzo hawajawahi kufungua injini.

Lazima ikubaliwe kwamba kidole hicho kilijua kazi. Pikipiki nyingi za mtaani ni zile zinazopozwa kwa upepo. Hazina rediata wala maji. Zina mapezi ya chuma tu ubavuni mwa injini, na joto ambalo upepo haukuliondoa hubebwa na oili. Oili nyepesi ikikutana na joto la injini inayopanda mlima hulegea kama maji ya kunawa, na vyuma huanza kusagana. Kidole aliwaeleza wateja jambo hilo kwa subira ya mwalimu wa darasa la kwanza. Kwa miaka kumi na minane hakuna injini iliyomfia mikononi. Watu walimwamini, naye alijiamini kuliko wote.

Aliyemwamini zaidi alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Huyu alikuwa bwana mifugo. Kila asubuhi alifunga sanduku la dawa nyuma ya pikipiki, akapanda vilima kwenda kutibu ng'ombe wa maziwa. Alikuwa amebakiza miaka mitano astaafu, na alikwisha kukataa vyeo viwili ili aendelee kuzunguka. Ofisini, alisema, hakuna mgonjwa atakayekulamba mkono kwa shukrani.

Siku moja Kidole alibadilisha muuzaji wa oili. Alichovya kidole kwenye pipa jipya, akasugua, akanusa, akaridhika. Uzito ulikuwa ule ule. Pikipiki ya kwanza kuwekewa ilikuwa ya shemeji yake, kwa kuwa alitaka ndugu aonje kizuri kabla ya wageni.

Wiki ya pili shemeji alirudi akiisukuma pikipiki, jasho likimtiririka.

"Nikifika mlimani inanguruma tu, haiendi," alisema. "Nikiongeza mafuta injini inapiga kelele, tairi limezubaa."

"Klachi imekwisha hiyo," Kidole akajibu. Akafunga sahani mpya za klachi, akamimina oili mpya kutoka pipa lile lile.

Baada ya siku kumi klachi ilikuwa ikiteleza tena. Alifungua, akabadilisha, akamimina. Mara ya tatu sahani zilitoka zikiwa karibu nzima. Hapo ndipo alipopaswa kutulia na kufikiri. Badala yake alizigeuzageuza mbele ya wateja wanne, akatabasamu.

"Shemeji, hapa mgonjwa si pikipiki."

"Ni nani?"

"Mkono wako wa kushoto. Unaning'inia kwenye klachi kama mtu anayeogopa kuanguka. Uzee huo, mzee wangu, spea yake sina."

Wateja waliangua kicheko. Shemeji naye alicheka, maana wawili hao walitaniana tangu siku ya posa. Lakini aliuinua mkono wake wa kushoto, akaufumba, akaufumbua.

"Labda," akasema. "Siku hizi hata sindano naona haitulii."

Mwezi uliofuata aliomba kuhamishiwa ofisini. Pikipiki aliiegesha barazani, akaifunika turubai.

Miezi minne baadaye karakanani akaingia msichana aliyesambaza mikate madukani. Mtaa mzima ulijua mkono wake; alibadilisha gia bila mtu kusikia. Naye alilalamika vile vile: kelele mlimani, mwendo hakuna.

"Na usiniambie nimezeeka," alisema, "maana nasikia ndiyo dawa yako."

Kidole alicheka, akaanza kufungua klachi. Msichana, kwa kuchoka kusubiri, alikwenda penye pipa akasoma kwa sauti: "Kwa injini za magari. Imeongezwa dawa ya kupunguza msuguano. Isitumike kwenye pikipiki ambazo klachi yake inalowa oili ya injini." Akainua macho. "Fundi, za kwetu hazilowi?"

Spana ilisimama mkononi mwa Kidole. Kwenye magari mengi klachi hukaa pakavu. Kwenye pikipiki hizi sahani za klachi huogelea ndani ya oili ile ile ya injini, na kazi yao ni kushikana. Dawa ile ilizifanya ziteleze. Kuhusu uzito, kidole hakikukosea hata kidogo. Ila dawa hiyo haishikiki kwa vidole wala hainuki.

Aliosha klachi ya msichana, akamwekea oili ya pikipiki, na haikuteleza tena. Pipa alilirudisha kwa muuzaji siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo angeweza pia kufika kwa shemeji yake, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Hakwenda. Alijiambia atakwenda Jumapili, na Jumapili dada yake alikuwa na wageni. Kisha ikanyesha wiki nzima. Kisha akaona kuwa neno alilolisema mbele ya watu wanne si rahisi kulifuta kwa kunong'ona. Akaendelea kuahirisha, hadi alipokutana na dada yake sokoni.

"Shemeji yako ameiuza pikipiki," dada alisema. "Anasema inamkodolea macho kila akitoka."

Kidole alimbebea kikapu hadi barabarani, akarudi karakanani.

Mwaka ukapita. Asubuhi moja ya Jumamosi alimkuta shemeji barazani, amezungukwa na mafaili ya ofisi. Kidole alikataa kiti. Alieleza akiwa amesimama: pipa, dawa, sahani zilizotoka nzima.

Shemeji alimsikiliza hadi mwisho.

"Uligundua lini?"

"Mwaka umepita."

"Nilikuwa nimeshaiuza?"

Kidole alitazama viatu vyake. "Bado."

Ndani ya nyumba mlio wa vyombo ulikatika. Shemeji hakugomba. Alinyoosha mkono, akaomba funguo za pikipiki ya Kidole iliyokuwa getini. Alipanda, akawasha, akabana klachi, akaingiza gia. Alipoachia, pikipiki iliruka kidogo ikazima. Akawasha tena, ikazima. Mara ya tatu aliachia polepole mno, injini ikalia pale pale bila kusogea hatua, hadi mwenyewe akaizima. Mkono wa kushoto ulikuwa ukitetemeka. Kidole alijaribu kukumbuka kama ulitetemeka hivyo kabla hajautaja, hakuweza.

"Mazoezi tu, shemeji," alisema. "Wiki moja utakuwa umerudi. Mkono wako ni mzima."

"Sasa nikuamini lipi?" shemeji aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli. "Lile la kwanza nimeliamini mpaka likawa langu."

Akashuka, akamrudishia funguo.

"Ingia ndani. Dada yako anamimina chai."

Kidole aliingia, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Alikunywa kikombe kizima. Dada yake hakuinua uso. Shemeji, bila utani wowote, alimsogezea sukari kwa adabu, kama anavyosogezewa mgeni.